Pindo la Leso

Ndani ya mkebe wa biskuti uliopauka rangi, chini ya risiti za karo za watoto ambao sasa nao ni wazazi, Waya ameweka kadi moja na daftari moja, vimefungwa pamoja kwa mpira. Waya ndivyo sisi Wajaluo tumwitavyo shangazi, dada wa baba. Kadi ni ya mwaka 2003, ya manjano, kingo zimelika kama jani la muhogo lililopitiwa na panzi. Daftari ni lile la buluu la kurasa 32 ambalo mgonjwa hulinunua dukani kabla ya kupanga foleni kliniki. Nilikuwa nimetumwa kutafuta kitambulisho. Nikafungua kadi kwanza, nikaifuata safu ya uzito kwa kidole: 38, 38, 40, 43, 47. Nikafungua daftari: 91.2, 90.1, 89.6, 89.9. Wino tofauti, miandiko ya watu tofauti, mwili mmoja. Kadi inapanda, daftari linashuka, na katikati imepita miaka 20 ambayo karatasi hizi haziisimulii. Nilikaa sakafuni nikiwa nazo mapajani, nikasahau nilichotumwa. Waya mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisimtaje jina.

Kiswahili kimeupa mwili unaoongezeka maneno mengi ya heri. Mtu hunenepa, huwanda, hujaa, hunawiri. Na hilo la mwisho limebeba nuru ndani yake, kana kwamba mwili ulioshiba hutoa mwanga. Mwili unaopungua haukupata upole huo. Hukonda, hudhoofu, hunyauka, hukongoroka, ukabaki gofu. Sokoni Awendo, kule Migori alikozaliwa Waya, ukipotea miezi miwili ukarudi shati likiwa limelegea shingoni, hutaulizwa habari za safari. Utaulizwa, "Umekonda hivi, kwani kuna nini?" Na anayeuliza huishusha sauti anapofika kwenye "nini". Nimelisikia swali hilo tangu utotoni, na nilichelewa kuelewa kwamba halikuwa swali la umbo. Lilikuwa swali la mazishi.

Aliyekulia mbali na Ziwa Viktoria aweza kudhani ni umbea. Sisi tunajua lilikotoka. Mwaka 1985 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ugonjwa ambao wenyeji walikwisha kuupa jina: siriimu, neno la Kiingereza la wembamba lililovishwa sauti ya Kiganda. Upande wetu wazee walikuwa na jina lililokuwa likingoja, chira, kukauka kwa mtu aliyevunja mwiko. Na familia nyingi zilihangaika na majani na kafara huku mgonjwa akiyeyuka kitandani. Baadaye likaja neno ayaki, lenye mzizi wa kupora. Wembamba, kukauka, kuporwa: majina matatu, na yote yanatazama nyama inayotoka mifupani. Homa Bay na Migori zilipigwa kuliko karibu kila mahali Kenya. Hata mwaka 2012, dawa zikiwa zimekwisha kuenea, uchunguzi uliofanywa Ndhiwa, humo Homa Bay, ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi vya UKIMWI. Miaka ya utoto wangu kila boma lilikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Hapo ndipo wembamba ulipoacha kuwa umbo ukawa tangazo.

Madaktari Wasio na Mipaka walifika Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa ARV katika hospitali ya wilaya, wakati ambapo kwa wagonjwa wengi wa hospitali za umma nchini dawa hizo zilikuwa habari ya kusikia redioni. Waya alianza dawa mwaka 2003. Alifikishwa kliniki kwa baiskeli, ameketi nyuma kwa upande, kifungua mimba wake akimshika kiuno asianguke. Mizani ilikuwa ya chuma, ya kusimama, yenye vyuma viwili vya kuteleza juu ya ufito. Anaikumbuka hata sauti yake, tik, ufito ulipotulia. Mwezi wa pili wa dawa uzito ulikuwa 38 pale pale. Alirudi nyumbani akalia. Mwezi wa tatu alipanda mizani akiwa na viatu miguuni, sweta mbili mwilini, na sarafu zote zilizokuwemo nyumbani amezifunga fundo kwenye pindo la leso. Muuguzi akaliona lile fundo likining'inia. Akatazama pembeni, akasukuma chuma, akaandika 40. "Alijua," Waya aliniambia. "Alijua, mwanangu, na akaandika." Mwezi uliofuata hakuhitaji sarafu. 43 ile ilikuwa yake yote.

Mwili huo ndio unaoambiwa leo upungue. Yamepita mengi hapo katikati. Dawa zilibadilika: Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegraviri, kuanzia mwaka 2017, dawa njema inayomezwa mara moja kwa siku; na utafiti uliofanyika Johannesburg, ukatangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba walioanza nayo waliongezeka uzito kuliko waliotumia dawa ya zamani, hasa wanawake. Lakini kidonge kisibebeshwe lawama zote, na Waya hajakiacha hata siku moja wala hatakiacha. Umri umepita 60. Biashara yake ya omena, dagaa wa ziwani, ambayo zamani ilimtembeza kutoka bichi hadi soko na beseni kichwani, sasa inakwenda kwa simu na bodaboda. Magoti yanalalamika ngazini. Wala hayuko peke yake, kwani uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa kuzaa nchini ana uzito uliozidi kiasi. Siku daktari wa kliniki ya presha alipomwambia, "Mama, tukipunguza kilo tano, polepole, hata kama ni mwaka mzima, presha itatusikiliza," Waya aliitikia kwa adabu, akatoka nje, akaketi kwenye benchi muda mrefu. Alikuwa ameogopa. "Kilo zile nilizitafuta kwa machozi," aliniambia jioni ile. "Sasa nizitupe?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lilihitajika jibu la haraka. Kuna mahali duniani ambapo kupunguza mwili ni mapambo, na watu huingia katika kazi hiyo kwa shangwe, na wakishindwa hupoteza fedha na fahari kidogo. Hapa kwetu mtu anaombwa ageuze nyuma mwelekeo aliouhesabu kuwa ni uhai wenyewe. Nusu kilo iliyopanda mwaka 2003 na nusu kilo inayoshuka leo zinapimwa mahali palepale, na moyo unaopima ni uleule. Ndiyo maana nikaanza kuamini kwamba kasi, katika jambo hili, si suala la uvumilivu tu. Mtu aliyewahi kuporwa mwili wake hastahili kunyang'anywa tena, hata kwa nia njema. Astahili kuuaga kidogo kidogo, akiwa amesimama kwa miguu yake.

Wapo walioona kilo tano ni chache. Binti yake aliyeko Nairobi alitaka 20 kabla ya Desemba, maana kulikuwa na arusi, na akamtumia kwa basi pakiti ya majani ya chai yenye picha ya kiuno chembamba. Chai za namna hiyo hazikosi matangazo. Mjini Migori, kwenye nguzo za stima kando ya barabara iendayo Isebania, nimeyasoma yamebandikwa moja juu ya jingine: kitambi kuondoka kwa siku saba, kilo 10 kwa siku 10, na namba ya simu chini yake. Sisi ni watu tuliolelewa na masimulizi ya Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa kule Ndhiwa, ambaye wageni walimkuta mtoto, wakageuka wakamwona mzee aliyekongoroka, wakageuka tena wakaona kijana anayeng'aa. Alivua mwili na kuvaa mwingine kama mtu avaavyo shati. Niliyapenda masimulizi hayo na bado nayapenda. Lakini hakuna mahali, katika yote niliyosikia, ambapo Gor alimgawia jirani uwezo ule. Alikufa nao. Sisi wengine tuliachiwa jembe.

Waya alikunywa ile chai siku nne. Alishinda chooni, na siku ya tano mizani ya duka la dawa ikamwonyesha amepungua kilo mbili. Jumapili zikawa zimerudi zote. Yeye ndiye aliyenieleza maana yake, kwa lugha ya kazi yake. Omena ikimwagwa juu ya wavu asubuhi, mchana beseni lile lile linabebeka kwa mkono mmoja, lakini hakuna samaki aliyepungua. Kilichotoka ni maji. Hata bila chai ya kuharisha ndivyo inavyokuwa kwa mtu aanzaye kujinyima. Mwili huweka akiba ya sukari misulini na kwenye ini, na akiba hiyo hukaa na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake. Chakula kikipungua, akiba hutolewa kwanza, na maji yake huondoka nayo. Furaha ya wiki ya kwanza ni furaha ya maji. Kisha hufika wiki ya tatu au ya nne, mizani hukwama, na mtu hulala akijiona ameshindwa, kumbe maji yamekwisha kutoka na yamebaki mafuta, na mafuta hayana haraka. Watu wengi huacha hapo, siku ileile ambayo kazi imeanza kuwa ya kweli. Huniuma kuliko yote nikiwaona wakijilaumu.

Zamani katika boma la Kijaluo kila mke alikuwa na dero lake, ghala la ufito lililoinuliwa juu ya mawe, na ndani ya dero lile hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Mvua ilipokataa, mama mwenye dero hakungoja nafaka iishe. Alibadilisha kipimo. Kilichopimwa kwa debe kikapimwa kwa kibaba, cha kibaba kikapimwa kwa kiganja, na ugali ukawa uji. Mwili ni mama huyo. Haujui habari za arusi ya Desemba. Ukipokonywa chakula ghafla, unajua jambo moja tu, kwamba njaa imeingia nchini, na unaanza kupima kwa kiganja: unapunguza moto, unamfanya mtu ahisi baridi na uchovu, na unaizidisha hamu ya kula mpaka harufu ya mandazi ya jirani inakuwa mateso. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani walitangaza habari za watu 14 waliokuwa wameshindana katika kipindi cha televisheni cha kupunguza uzito kwa kasi. Walikuwa wamepoteza kwa wastani kilo 58 kila mmoja. Baada ya miaka sita, kama kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ilikuwa bado inachoma pungufu ya ilivyotarajiwa, kama kalori 500 kwa siku. Niliposoma hayo nilimwona yule mama. Njaa imekwisha, mvua zimerudi, dero limejaa tena, lakini mkono uliojifunza kiganja haujarudia debe.

Nusu kilo kwa wiki, au chini yake, au kilo moja kwa mwenye mwili mkubwa: hiyo ndiyo kasi ambayo madaktari wengi huiona salama, na mama mwenye dero huivumilia zaidi kuliko njaa ya ghafla. Na zile kilo tano za daktari hazikuwa za kumhurumia mgonjwa. Mwaka 2002 ulitangazwa Marekani utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Uzito wao wa wastani ulikuwa kilo 94, karibu sawa na Waya. Waliosaidiwa kubadilisha ulaji na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungua kwa wastani kilo tano na nusu hivi. Ukikutana na mtu aliyepungua kiasi hicho huenda usimtambue kuwa amepungua. Lakini uwezekano wao wa kupata kisukari ulishuka kwa asilimia 58, wakawapita hata waliopewa dawa ya metformini. Kilo tano zisizoonekana na jicho la mtu, damu inaziona.

Sasa, utawezaje kupunguza tonge katika nchi ambayo iliwahi kuzama kwa sababu ya tonge? Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la chumvi, Simbi Nyaima, la kijani, ambako heroe hutua misimu mingine wakaufanya ukingo wake uwe wa waridi. Kila mtoto wa Homa Bay anajua lilivyotokea. Palikuwa na kijiji na sherehe. Kikongwe mwenye njaa akaja akaomba chakula, akafukuzwa, na usiku ule mvua ikanyesha mpaka kijiji kikazama na nyimbo zake. Tumelelewa juu ya ukingo wa maji hayo. Chakula kwetu ni agano. Anayekupa sahani anajikinga na mafuriko, na anayeikataa anakuwa kama amemfungia mwenzake mlango. Ndiyo maana sipendi mashauri ya kupunguza uzito yanayosema, "Jifunze kukataa." Waya hakatai. Jumamosi za matanga, na huku kwetu Jumamosi nyingi ni za matanga, hupokea sahani kwa mikono miwili, akaanza na osuga, mboga ile chungu ipikwayo kwa maziwa, akala samaki wake bila haraka mpaka kwenye mfupa, na kuon, ugali wa mtama na muhogo, akaigusa mwisho, nusu ya alivyozoea. Kisha huinuka kuwapakulia wengine. Mkono unaopakua hauulizwi mbona haujaongezwa.

Sukari ilikuwa ngumu zaidi. Alikulia Awendo, na kiwanda cha sukari cha Sony kilipoanza kusaga mwaka 1979 alikuwa msichana. Miwa ilikuwa karo, bati la nyumba, na kiburudisho cha njiani. Mpaka leo ukitoka Migori kupitia Awendo na Rongo, moshi wa matanuri ya sukari nguru unaingia gari zima, mtamu na mzito, ukashikana na nguo. Chai yake ilikuwa ya vijiko vinne. Januari akafanya vitatu, Machi viwili, Juni kimoja, na hapo akasimama, akasema kile cha mwisho ni cha baba yake, hakitoki. Soda akaiachia Krismasi. Nilikaa nikapiga hesabu. Nikizitoa kilo zile za kupona, tuseme mpaka alipofika 60, zinabaki 31 zilizoingia kwa miaka kama 19. Ukizigawa kwa siku, ni gramu nne na nusu. Kijiko kimoja cha chai. Hakuna siku hata moja katika miaka hiyo ambayo mtu angeweza kumnyooshea kidole akasema, leo umezidisha. Chovya chovya ilimaliza buyu la asali, na hakuna aliyesikia buyu likilia. Basi kwa nini gogo tulidai kwa shoka moja? Bandubandu huisha gogo, na vibanzi vyenyewe havina sauti.

Neno moja limenikalia kichwani tangu nilipofungua mkebe ule. Kiswahili humwambia mfiwa "pole", na humwambia mwenye haraka "polepole". Dholuo, lugha yetu Wajaluo, nayo humwambia mgonjwa "mos", na anayekimbia "mosmos". Lugha mbili zisizo ndugu, na kila moja hutumia neno lile lile kwa faraja na kwa mwendo. Siamini ni bahati tu. Waliozisema lugha hizi kabla yetu walijua, nadhani, kwamba anayetembea taratibu mara nyingi amebeba kitu, na kwamba kumwambia mtu apunguze mwendo ni kumwambia pia kwamba mzigo wake umeonekana. Niliposimuliwa jinsi daktari yule alivyosema "polepole", nilisikia agizo la tiba. Waya alisikia pole.

Daftari la mwaka 2023 liko mbele yangu. Januari 91.2. Februari 90.1. Machi 89.6. Aprili 89.9, na pembeni ameandika mwenyewe kwa penseli, "Pasaka". Mei 89.0. Juni 88.7. Julai 88.7. Agosti 87.8. Septemba 88.0. Oktoba 87.6. Novemba 87.1. Desemba 88.5, na hapo hakuandika kitu. Arusi ilikuwepo, na chapati zilikuwepo, na ndugu aliowaona mara ya mwisho miaka kumi iliyopita. Mwenye macho ya nguzo za stima ataona mwaka uliopotea: kilo tano hazikutimia, na Desemba imerudisha moja na ushei. Lakini mimi nimeona kitu kingine katika ukurasa ule. Presha yake ya Januari, akiwa anameza dawa zake vizuri, muuguzi aliipigia mstari mwekundu mara mbili. Kufikia Oktoba inaandikwa kwa wino wa buluu, bila mstari.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kukumbukwa na wengi wetu, likameza bichi, vibanda na vyoo, kutoka Homa Bay hadi pwani za Migori. Lilipoanza kurudi, wavuvi hawakulipima kwa mawimbi. Wimbi hupanda na kushuka mara mia kabla ya chai. Walitazama alama ya maji kwenye shina la mti au ukuta wa kibanda, wakaiacha, wakaenda kuvua, wakarudi baada ya mwezi. Mwili nao una mawimbi yake: chumvi ya jana, maji ya leo, tumbo ambalo bado halijaenda haja, na uzito hucheza hata kilo nzima au mbili bila mafuta kuguswa. Waya alikuwa amenunuliwa mizani ya kioo, akawa anaipanda kila alfajiri, na siku ikawa njema au mbaya kwa kile alichokiona kati ya vidole vya miguu. Aprili alimpa jirani. Sasa hupimwa kliniki tu, mara moja kwa mwezi.

Na kwa mwaka wote huo hakuna aliyemuuliza kuna nini. Alipungua mbele ya macho ya majirani kama kivuli kinavyosogea uani. Simaanishi kwamba swali la zamani lifutwe. Mtu akikonda kwa wiki chache bila kutaka, akakohoa, akatokwa jasho usiku, aulizwe, ashikwe mkono apelekwe akapimwe kifua kikuu na mengine, maana swali hilo liliwahi kuokoa watu, Waya mmojawapo. Lakini aliyeamua mwenyewe amepata, kwa taratibu zake, kitu ambacho kwetu ni adimu: kupungua bila kuombolezwa angali hai.

Januari iliyofuata nilimsindikiza kliniki. Mizani ya siku hizi ni ya namba za mwanga, haina ufito wala tik. Foleni ilikuwa fupi. Alipoitwa alivua viatu akaviweka sambamba ukutani, akavua sweta, akanipa simu. Kisha akasimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, akalivuta pindo la leso, akaanza kulifungua fundo kwa kucha, lilikuwa limekazwa sana. Shilingi 40 za bodaboda na sarafu nyingine mbili tatu za kurudishiwa chenji. Akazimimina kiganjani mwangu akanifumba vidole juu yake. Zilikuwa na joto lake.